Nikiuona, Nitausema

Asubuhi ile ya Jumamosi tulikuwa tuondoke Kitale mapema, na baba akawa anatafuta viatu. Viatu vyenyewe alikuwa amevivaa. Nilipomwambia, aliinamisha kichwa akavitazama, akasema, "Aa, si hivi. Vile vingine." Baba hana vingine. Nilijua anatafuta sababu ya kubaki, na yeye alijua kwamba najua, basi tukasimama mlangoni kila mtu akimkazia mwenzake macho mpaka shemeji yangu akapiga honi nje.

Nilikuwa naenda Bungoma kucheza chesi. Kila mwaka sisi wa Kitale hukutana na wa Bungoma, mwaka mmoja kwetu, mwaka mwingine kwao, na kila mwaka nilimwomba baba aje aone. Hakukosa neno. Mara duka, mara mgongo, mara mvua itanyesha, na jua linachoma. Lakini mwaka huu sikutaka kisingizio chochote, kwa sababu macho yake yalikuwa yanaondoka. Ni presha ya macho, daktari alisema, na hakutuzungusha: kilichokwisha kwenda hakirudi, na kilichobaki nacho kiko njiani. Kwanza zilipotea pande za kando. Mtu akimjia baba kutoka ubavuni, hamwoni mpaka amguse. Alibakiwa na kipande cha katikati tu, kama mtu anayechungulia ndani ya bomba. Nami nilitaka jambo moja kabla kipande hicho hakijafungwa. Nilitaka anione nikishinda.

Sitasema uongo, kulikuwa na ubishi pia ndani yake. Baba ni mtu wa drafti. Duka lake la spea za baiskeli liko karibu na msikiti, na nje ya duka pana benchi, na kwenye benchi pana ubao aliouchora mwenyewe kwa rangi iliyobaki alipopaka mlango. Kete ni vifuniko vya soda. Mimi nimelelewa na benchi hilo. Kabla sijajua kusoma nilijua kula. Kwenye drafti kula si hiari: ukiachiwa kete, unakula, na ukikataa, kete yako inaondolewa ubaoni na watu wanakucheka mpaka unatamani ardhi ipasuke. Ndiyo maana mkono wa mtu wa drafti haungoji kichwa. Ukiona chakula, umeshafika.

Na pale kwa baba hakuna kitu kinaitwa kunyamaza. Waliosimama husema kuliko waliokaa. Baba mwenyewe alikuwa na sheria yake kwangu, tangu nikiwa mtoto wa kukalia mkebe wa rangi ili nifikie ubao. Nikimtegea mtu mtego, naye amesimama nyuma yangu, aliusema kwa sauti. "Bwana, usiende hapo, huyu mtoto anataka kukula mbili." Nililia. Nilipiga miguu chini. Nilimwita mbaya. Yeye alinijibu neno lilelile siku zote: "Nikiuona, nitausema. Tengeneza ule sitauona." Nikakua hivyo, macho mbele, masikio nyuma. Baba akinyamaza, najua nimepata.

Chesi nilikuja nayo kutoka sekondari. Baba aliitazama mara moja akasema, "Mchezo gani huu, mtu anawekewa chakula mdomoni na anaruhusiwa kukataa?" Hakuwahi kuigusa. Jioni nikitoka kwenye duka la dawa ninakofanya kazi, nilikuwa napitia kwake, najipangia ubao pale kaunta, nacheza pande zote mbili peke yangu. Yeye ananipa mgongo, anahesabu spoki. Nilizoea kucheza nikiutazama mgongo huo.

Basi tukatoka. Baba alikaa mbele na shemeji, mimi nyuma. Hatujafika hata Kiminini akauliza, "Tumepita Kamukuywa?" Barabara hiyo amekwenda kwa baiskeli ujana wake wote, alikuwa anajua kila kilima na kila mbwa. Shemeji akasema bado. Baada ya muda mdogo akauliza tena, na hapo nikageuza uso dirishani.

"Wewe, mbona unapiga kiti changu teke?"

"Si mimi, Baba."

"Ni nani basi? Kuna mbuzi huko nyuma?"

Lilikuwa goti langu. Goti langu halijui kutulia, na siku ya mashindano ndiyo kabisa, linatikisika kama limekanyaga cherehani.

Ukumbi wenyewe ulikuwa chumba cha kulia cha shule moja pale Bungoma mjini. Meza zilinuka maharagwe hata baada ya kufutwa. Vijana wa timu yetu walinisalimu, "Niaje, madam," nami nikawajibu poa huku natembea kutoka dirisha hadi dirisha. Nilimtafutia baba kiti. Nikamwambia akae hapo, asiondoke. Mchezo wa kwanza nikashinda, na nilishinda vizuri, nikageuka nikiwa na meno yote nje. Kiti kilikuwa kitupu. Alikuwa amekwenda kutafuta chai.

Mchezo wa pili nikashinda tena. Nikageuka. Kiti kitupu! Safari hii alikuwa amekwenda kuswali, na hilo sikuweza kumlaumu, lakini swala ikaisha, watu wakarudi makazini mwao, na baba hakuonekana. Mchezo wa mwisho ulikuwa unakaribia. Nikatoka mbio, sketi nimeinyanyua kwa mkono. Nilimkuta nyuma ya msikiti, ameinamia benchi la watu asiowajua, pua inakaribia kugusa ubao, anapiga kelele, "Kula! Kula hapo, wewe unaogopa nini?"

"Baba!"

"Ngoja huyu afungwe kwanza."

"Baba, ni mchezo wa mwisho. Wallahi usipokuja sasa sitakuuliza tena maisha yangu yote."

Alinyanyuka. Nadhani ni sauti yangu iliyomtisha. Njiani nikamkamata mkono nikamweleza taratibu, jinsi unavyomweleza mtoto anayepelekwa kwa wageni: ndani watu hawasemi. Hata neno moja.

"Hata neno?"

"Hata kukohoa, kohoa nje."

"Mnacheza au mmefiwa?" akasema.

Niliyepangiwa naye alikuwa mwalimu wa hesabu kutoka upande wa Chwele, mtu mkubwa, mpole, sweta limembana tumboni. Aliinuka kabisa kumpa baba mkono. "Kalibu mzee wangu. Sogea hapa kalibu, uone msichana yako." Mwamuzi, dada mmoja mwembamba asiyecheka, hakutaka mtu asimame karibu na meza. Nikamweleza habari ya macho. Akafikiri, akakubali, akaweka kidole mdomoni mbele ya uso wa baba, na baba akaitikia kwa kichwa kwa adabu zote. Moyo wangu ulikuwa unadunda mpaka nausikia kwenye meno. Hatimaye yuko hapa, nikajiambia. Leo ataona.

Na mpango nilikuwa nao. Asubuhi nilimtazama yule mwalimu akicheza na mwenzetu, na mtu huyo alikuwa anakula kila kilichowekwa mbele yake. Hasiti. Askari, farasi, chochote, mkono huo. Nikamjua papo hapo. Huyu amelelewa na benchi kama mimi.

Nikaanza kwa kusukuma askari wa mbele ya mfalme hatua mbili. Naye vivyo hivyo, askari wetu wakatazamana uso kwa uso katikati ya ubao. Nikatoa farasi kumtishia askari wake. Akatoa farasi wake kumlinda. Nikatoa askofu, nikamwelekeza kwa yule askari wake dhaifu, yule anayelindwa na mfalme peke yake. Akasukuma askari mwingine hatua moja. Nikatoa farasi wangu wa pili. Hapo mwalimu akachukua askofu wake, akamvusha mpaka upande wangu, akambana farasi wangu wa kwanza. Kubanwa maana yake ni hii: nyuma ya farasi huyo amekaa malkia wangu, na farasi akiondoka tu, askofu wa mwalimu anamwona malkia waziwazi.

Sisi wa Kitale tunaita hapo pa kutupa chambo. Farasi aliyebanwa anaondoka kana kwamba hajui lolote, anakula askari wa katikati, na malkia anaachwa hapo nje kama ng'ombe aliyesahauliwa. Mwenzako akila malkia, amekwisha: askofu wako anampiga yule askari dhaifu, mfalme wake anasogea mahali pamoja tu palipobaki, farasi wako wa pili anarukia katikati, na mfalme hana pa kukimbilia. Lakini ni ujinga mtupu mbele ya mtu mwenye subira. Asimguse malkia, amle farasi wako kwa farasi wake, basi umetoa farasi kwa bei ya askari, na mbele yako ni kilio. Watu waliosoma chesi vizuri hawali. Watu wa benchi hula. Haki ya Mungu sikuwahi kumwona mtu wa benchi akiacha malkia.

Nikaondoa farasi. Nikala askari. Nikapiga saa ya mchezo, nikakalia mikono yangu isije ikanisaliti.

Mwalimu akatazama. Nyusi zikapanda. Akatazama uso wangu, nami nikajitia nimegundua kosa langu, nikauma mdomo. Mkono wake mkubwa ukanyanyuka, ukaning'inia juu ya askofu. Nyuma yangu baba aliinama, akainama zaidi, mpaka kofia yake ikagusa bega langu, akiuzungusha uso polepole kwa sababu ubao wote haukuenea kwenye kile kipande chake cha kuona. Nami, mwanamke mzima mwenye watoto, nikajikuta nasikiliza kwa nyuma. Kimya. Hajauona! Furaha ilinipanda mpaka shingoni. Hajauona, nimepata, nimempata.

"Usile, mwalimu! Malkia ni chambo, huyu atakufunga na farasi!"

Jamani. Ukumbi mzima uligeuka. Kuna aliyeangusha mfalme kwenye meza ya jirani. Mkono wa mwalimu ulibaki hewani, haujagusa kitu, na baba alikuwa ameshajiziba mdomo kwa viganja vyote viwili, macho yamemtoka.

Mwamuzi akaja. "Huyu mzee ni wa nani?"

Kwa muda nilitamani kumkana. "Ni wangu," nikasema.

"Wako, na anamsaidia huyu?"

Vijana wakaangua kicheko. Baba akasema, "Wallahi imenitoka tu, binti yangu," na sikujua anamwambia mwamuzi au mimi. Akatolewa nje akishikwa mkono, akijigonga kwenye kona za meza. Mimi sikuinuka kumsaidia. Nilikuwa nawaka.

"Madam, mimi nilikuwa nakula," mwalimu akaninong'oneza. "Haki, nilikuwa nakula kabisa." Alikuwa na huzuni ya kweli usoni. Lakini angefanya nini? Mtu akishaambiwa kuna shimo, bado atatumbukia kwa heshima yangu? Alikaa na kukaa, akajifuta jasho, kisha akala farasi kwa farasi. Nilipigana nilivyoweza. Nilihangaika ubao mzima nikitafuta pa kujishikiza, na mwishowe nikamlaza mfalme wangu mwenyewe. Mwalimu akanipa mkono. "Pore sana. Lakini mzee yako ni hatari, bana."

Kurudi, nilikaa nyuma ya kiti cha baba nikakitazama kama adui. Webuye ikapita. Lugulu ikapita. Shemeji alijaribu kuzungumza habari za mahindi, kisha akaacha. Goti langu lilipiga kiti na safari hii nililiacha lipige.

"Nakusikia," baba akasema.

"Vizuri."

"Nilikuambia tangu zamani. Nikiuona, nitausema."

"Ile ilikuwa drafti, Baba! Ilikuwa benchi! Nimekuomba miaka yote hii uje unione nikishinda, na siku unayokuja unaninyang'anya ushindi mkononi. Ningekuwa nimeshinda! Ulikuwa unaniona! Na chesi yenyewe hujui!"

"Nani alikuambia sijui?"

Nikacheka kicheko cha hasira.

"Farasi wako aliondoka kwenye kifungo," baba akasema, akihesabu kwa vidole kwenye goti lake. "Yule mtu akila malkia, askofu wako anapiga pale kwa askari anayekaa na mfalme. Mfalme anasogea mbele, hana pengine. Farasi wa pili anaruka katikati. Basi. Si hivyo?"

Ilikuwa hivyo. Kila hatua.

"Umekaa kaunta yangu ukicheza na nafsi yako miaka nenda miaka rudi. Ulidhani mimi spoki ninazihesabu mpaka lini, mama? Spoki haziishi?" Huniita mama kwa sababu nimepewa jina la mama yake. "Kuna kioo kile cha kuuza, cha baiskeli, kimetundikwa hapo juu. Nilikuwa nakuona humo."

Kioo hicho nimekipangusa vumbi mara nyingi na sikuwahi kukifikiria. Nilikuwa bado na hasira, na nilikuwa na furaha kubwa inayonichoma, na sikutaka ajue yoyote kati ya hizo mbili, kwa hiyo nikaangalia nje mpaka Kamukuywa. Safari hii hakuuliza tumefika wapi. Alikuwa amechangamka, anamweleza shemeji jinsi farasi wa chesi anavyotembea, na kumweleza vibaya kidogo.

Mvua zilipokwisha, kipande kile cha katikati kikafungwa. Hakukuwa na siku maalum. Asubuhi fulani alinyosha mkono kuchukua kikombe akakisukuma, akavaa kofia, akaomba apelekwe dukani. Benchini hakuweza tena. Vifuniko vya soda vyote ni kimoja chini ya kidole, na mistari iliyochorwa kwa rangi haigusiki. Watu walimsomea michezo kwa sauti kwa siku chache, kisha wakachoka, wakawa wanacheza kimya kwa kumwonea haya, na kimya hicho kilimuumiza kuliko giza. Akahamia ndani. Nilikuwa nikija jioni namkuta anashusha tairi rafuni, anazipandisha tena, anashusha, anapandisha. Kutulia hakuweza. Damu yake ni hii niliyo nayo mimi.

Jioni moja akaniambia, "Lete huo mchezo wako wa kukataa kula."

Nilikata tyubu ya zamani vipande vyembamba, nikavivisha vipande vyeusi vyote pete za mpira, ili ajue wake na wangu. Mistari ya ubao nikaigundisha spoki, kila mraba ukawa na ukuta wake. Farasi alimjua siku ileile kwa masikio. Askofu kwa ule mpasuo wa kichwani. Malkia kwa taji lenye meno. Vidole vyake vilitembea juu ya ubao bila kupumzika, vinarudi, vinahesabu, vinaangusha, anatukana kidogo, anaomba msamaha kwa Mola, anaendelea. Nilimfunga wiki ya kwanza yote. Ya pili ilinibidi nifikiri.

Kisha ikaja jioni ambayo askofu wake alivuka ubao akambana farasi wangu. Palepale. Nikaona ubao wa Bungoma umerudi mbele yangu. Mkono ukaniwasha. Sijui ni nini kilichonisukuma, ubishi ule wa zamani tu, nikamwondoa farasi, nikamtajia nimekwenda wapi na nimekula nini, nikangoja.

Vidole vya baba vikaanza safari. Vikamgusa farasi wangu pale katikati. Vikarudi kwa askofu wake, vikateleza kwenye mraba, na mraba mwingine, mpaka vikapapasa taji la malkia. Vikasimama hapo. Nikangoja aseme. Redio ya jirani ilikuwa inasoma habari. Baba hakusema. Alimshika malkia wangu kwa vidole viwili akampima kama anapima nati, na mkono wa pili ukawa unamtafuta askofu wa kumla.

Hajauona. Maisha yangu yote nilitaka mtego ambao baba hatauona, na huu hapa. Sikuutaka. Niliuchukia. Sikujua hata kama mtego wangu ni mzuri au ni vidole vyake tu havijafika kwa farasi wa pili, yule aliyetulia kando. Goti langu lilikuwa limeacha kutikisika. Mkono wake ukampata askofu.

"Usile, Baba," nikasema. "Malkia ni chambo."

Mikono yake yote ikasimama. Midomo ikakaza, pua ikapanuka, na nikaiona hasira ileile niliyotoka nayo Bungoma imekaa usoni mwake. Akageuza uso kuelekea mlangoni, ambako hakukuwa na mtu.

"Mwamuzi!" akaita. "Mtoe huyu nje, anasema ovyo kwenye chesi!"

Kisha akamrudisha malkia wangu kwenye mraba wake, akapapasa, akampata farasi wake mwenye pete ya mpira, na kwa huyo akamla farasi wangu.

"Sasa cheza, mama," akasema. "Na unyamaze."